Mimea Iliyokaushwa na Hebaria: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Majibu haya ni kwa wanafunzi, walimu, maofisa misitu, watafiti wa dawa za asili na yeyote anayetaka kujua kwa nini watu wazima hufungia majani makavu kwenye makabati ya chuma kwa miaka mia mbili. Mifano mingi ni ya Afrika Mashariki, ila palipobidi tumekwenda mbali.

Hebaria ni nini hasa?

Ni ghala la mimea iliyokandamizwa ikiwa mibichi, ikakaushwa na kubandikwa kwenye karatasi ngumu, kila karatasi ikiwa na lebo inayosema nani aliuchuma mmea huo, wapi, lini na ulikuwa umeota katika mazingira gani. Mmea pamoja na lebo yake ndiyo sampuli. Karatasi nyingi zina urefu wa kama sentimita 42 na upana wa 27 hadi 29. Hulazwa bapa ndani ya jalada la spishi (aina moja ya mmea), majalada ya spishi hukaa ndani ya jalada la jenasi (kundi la spishi zilizo ndugu), na yote hupangwa kwenye kabati lenye mlango unaoziba sawasawa. Vitu visivyolazika, kama tunda la mbuyu au kipande cha gogo, huwekwa kwenye maboksi, na maua laini ya okidi huhifadhiwa kwenye chupa za spiriti.

Duniani kuna hebaria zaidi ya 3,000 zenye sampuli karibu milioni 400. Kila moja ina kifupisho chake kinachotambulika kimataifa: EA ni Nairobi, DSM ni Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, NHT ni Arusha, MHU ni Makerere, K ni bustani ya mimea ya Kew kule London, B ni Berlin, na BR ni Meise nchini Ubelgiji, ambako kuna mimea mingi sana ya Kongo, Rwanda na Burundi. Herufi hizo ukizikuta kwenye makala ya kisayansi baada ya jina la mkusanyaji na namba, zinakuonyesha kabati gani uende ukajionee mwenyewe.

Nani alianzisha jambo hili?

Sifa hupewa Luca Ghini, mwalimu wa mimea ya dawa katika vyuo vya Bologna na Pisa, Italia, kwenye nusu ya kwanza ya karne ya 16. Bustani ya Ulaya wakati wa baridi haina cha kufundishia, kwa hiyo mimea iliyokaushwa ilimwezesha kufundisha mwaka mzima. Wanafunzi wake wakaueneza ujuzi huo.

Kwa miaka 200 hivi mimea ilibandikwa kwenye vitabu vilivyoshonwa. Mkusanyo wa Hans Sloane, ambao upo London hadi leo, umejaa mabuku 265 ya namna hiyo. Kasoro ya kitabu ni kwamba mpangilio wake haubadiliki: ukigundua kwamba mmea wa ukurasa wa 12 ni ndugu wa ule wa ukurasa wa 300, huwezi kuwaweka pamoja bila kuchana. Carl Linnaeus wa Sweden alibandika kila mmea kwenye karatasi yake isiyoshonwa, akazilaza kwenye kabati lenye rafu. Kitabu chake cha mwaka 1753 ndicho mwanzo wa majina ya kisayansi ya mimea tunayotumia, na karatasi zake ziliuzwa kwa Mwingereza James Edward Smith mwaka 1784. Kabati la leo ni mtoto wa kabati lile.

Na Afrika Mashariki?

Wenceslas Bojer alichuma mimea Zanzibar, Pemba na Mombasa kuanzia mwaka 1824. James Augustus Grant alichuma njiani akitafuta chanzo cha Nile kati ya 1860 na 1863. John Kirk, balozi wa Uingereza Zanzibar, aliipeleka Kew mimea mingi ya pwani. Mpaka hapo, kila kilichochumwa kilipanda meli na hakikubaki hapa.

Mabadiliko yalianza Amani, kwenye milima ya Usambara Mashariki, ambako Wajerumani walifungua kituo cha utafiti wa kilimo mwaka 1902. Hebaria iliyoanzia hapo ilihamishiwa Nairobi mwaka 1950, na ndiyo EA ya leo, chini ya Makumbusho ya Taifa ya Kenya. Ndiyo sababu mtafiti anayetafuta karatasi ya zamani ya Tanga mara nyingi huipata Nairobi. Dar es Salaam, Arusha na Makerere zina makabati yao, na kwa mimea iliyochumwa karibuni katika nchi husika mara nyingi ndiko pa kuanzia.

Kazi kubwa iliyotokana na makabati haya ni maelezo ya mimea yote ya porini ya Kenya, Uganda na Tanzania, yaliyoanza kuchapishwa kwa sehemu mwaka 1952 na kukamilika 2012: miaka 60, spishi zaidi ya 12,100. Waandishi wake waligawa eneo kwa herufi na namba ambazo bado utaziona kwenye majalada: T3 ni upande wa Tanga, T6 ni Morogoro na Pwani, T8 ni kusini, K7 ni pwani ya Kenya, Z ni Zanzibar na P ni Pemba. Jifunze alama hizi kabla ya kuingia hebaria yoyote inayoshughulikia ukanda wetu. Utaokoa nusu siku.

Kwa nini moto wa Berlin bado unatajwa?

Jina la kisayansi halielei hewani. Limefungwa kwenye sampuli moja iliyoteuliwa na aliyelitoa jina, iitwayo holotaipu. Wataalamu wakibishana kama mmea fulani wa Lushoto ni spishi ile au nyingine, hoja haimalizwi na maneno ya kitabuni. Inamalizwa kwa kuifungua holotaipu na kulinganisha. Tangu Januari 1, 1958 jina jipya la spishi halikubaliki bila kutaja sampuli hiyo, na tangu Januari 1, 1990 ni lazima pia kutaja hebaria inayoitunza.

Mimea ya Afrika Mashariki ya Kijerumani ilipewa majina Berlin, na holotaipu zake zikabaki huko. Usiku wa kuamkia Machi 2, 1943 mabomu yaliangukia jengo la hebaria lililoko Dahlem, Berlin, na sehemu kubwa ya sampuli karibu milioni nne ikateketea. Mamia ya majina ya mimea yetu yalibaki bila kitu cha kushika.

Kilichookoa ni nakala. Mkusanyaji mzuri huchuma matawi kadhaa ya mti uleule siku ileile, huyapa namba moja, na kuyagawa kwa hebaria mbalimbali. Nakala zilizokuwa zimebaki Amani au kupelekwa London na kwingineko zimeteuliwa kuchukua nafasi ya zilizoungua, na kazi hiyo inaendelea. Mimea ambayo nakala zake hazikugawiwa imebaki na maelezo ya Kilatini tu, na pengine mchoro. Kwa hiyo ukisikia mtu anasisitiza uchume nakala nne badala ya moja, hafanyi urasimu.

Jina la mmea likibadilika, sampuli inapoteza maana?

Hapana, inazidi kuwa muhimu. Chukua migunga. Mwaka 2005 mkutano wa kimataifa wa wanabotania uliofanyika Vienna uliamua jina *Acacia* libaki na miti ya Australia, na ya kwetu ikawa *Vachellia* na *Senegalia*. Ua la Usambara lililoitwa *Saintpaulia* mwaka 1893 siku hizi limeingizwa kwenye jenasi ya *Streptocarpus*. Ripoti ya mwaka 1960 iliyoandika jina tu inabidi ikisiwe. Ripoti iliyotaja namba ya sampuli inahakikiwa kwa kufungua kabati.

Jina la zamani halifutwi wala halichanwi kwenye karatasi. Mtaalamu hubandika kijikaratasi kidogo chenye jina jipya, jina lake na mwaka, juu ya lebo ya kwanza au kando yake. Karatasi iliyopitiwa sana inaweza kuwa na vijikaratasi vitano vinavyopingana, na ugomvi huo wenyewe ni taarifa.

Si siku hizi kuna picha za simu?

Picha piga, tena nyingi. Ila picha haipasuliwi kuhesabu mayai ndani ya ovari, haitolewi DNA, haichunguzwi kwa hadubini, na haijibu swali ambalo mpigaji hakulifikiria. Hapo ndipo penye thamani yenyewe: sampuli hutumika kwa kazi ambazo mchumaji hakuwahi kuziota.

Mwaka 1987 Ian Woodward alihesabu stomata, yaani matundu ya kupitishia hewa kwenye majani, za miti iliyochumwa Uingereza kwa kipindi cha miaka 200. Zilikuwa zimepungua kwa kama asilimia 40 kadiri hewa ya ukaa ilivyoongezeka. Waliochuma majani yale hawakujua lolote kuhusu hewa ya ukaa. Mwaka 2013 watafiti walitoa DNA ya kimelea kwenye majani ya viazi yaliyokaushwa karne ya 19, wakaonyesha kwamba aina iliyoleta njaa kuu ya Ireland si ile iliyokuwa ikishukiwa. Majani yale yalikuwa yamehifadhiwa kwa sababu yalikuwa na ugonjwa. Mchumaji nadhifu anayetupa majani yenye madoa angetunyima jibu hilo.

Halafu kuna spishi zinazosubiri kabatini. Uchunguzi uliochapishwa mwaka 2010 ulionyesha kwamba ni asilimia 16 tu ya spishi mpya zilizopewa jina ndani ya miaka mitano baada ya kuchumwa, na karibu robo zilitokana na sampuli zenye zaidi ya miaka 50. Mmea mpya kwa sayansi mara nyingi hauko msituni bado. Umeshalala kwenye jalada lililoandikwa "haijatambuliwa".

Kwa mfano wa hapa nyumbani, kuna *Erythrina schliebenii*, jamaa ya mwamba-ngoma, uliochumwa mkoani Lindi miaka ya 1930. Mwaka 1998 ulihesabiwa kuwa umetoweka. Mwaka 2001 ukaonekana tena kwenye msitu wa wilaya ya Kilwa. Wanaoukuta msituni mti kama huo wanautambua kwa sababu kuna karatasi za kulinganishia. Bila hizo ungekuwa mti wenye miba tu.

Jina la Kiswahili au la kikabila halitoshi?

Liandike, tena pamoja na lugha yenyewe na kijiji, maana linakuongoza kwa wazee na kwa matumizi. Lakini peke yake halitoshi. Mgunga ni miti mingi, mkole ni spishi kadhaa za *Grewia*, na jina lilelile huhama kutoka mmea hadi mmea ukivuka mto. Kwa utafiti wa dawa hatari iko wazi: mzizi uliopimwa maabara ukionyesha nguvu, kisha ikagundulika kuwa hakuna ajuaye ulikuwa wa mti upi, fedha zote zimekwenda na maji. Chuma sampuli yenye ua au tunda kutoka kwenye shina lilelile lililotoa dawa, siku ileile, na uipe namba moja na mfuko wa mizizi. Majarida mengi hayapokei makala ya tiba asili isiyotaja namba ya sampuli na hebaria ilipo.

Natengenezaje sampuli? Nahitaji nini?

Mkasi wa bustani, jembe dogo au panga, magazeti, maboksi yenye mifereji ndani yaliyokatwa sentimita 30 kwa 45, fremu mbili za mbao za ukubwa huohuo, mikanda miwili ya kukazia (fremu na mikanda ndivyo kibanio), daftari, penseli, GPS au simu, na mifuko ya plastiki. Hakuna kifaa cha kuagiza ng'ambo hapo.

Chagua mmea wenye ua au tunda. Vyote viwili ni bora zaidi. Tawi la majani matupu linaweza kumshinda hata bingwa. Mmea mdogo ung'oe mzima na mizizi yake, uoshe udongo. Nyasi ndefu zikunjwe kwa umbo la V, N au W badala ya kukatwa. Mti, kata tawi la kama sentimita 35 linaloonyesha jinsi majani yanavyopangana, na usichume jani la chini lenye kivuli peke yake kwa sababu tu mkono unalifikia.

Toa namba papo hapo. Namba za mkusanyaji huanza 1 na kuendelea maisha yote. Usianze upya kila mwaka wala kila safari. Nakala zote za shina moja zina namba moja. Shina jingine, hata likiwa mita mbili pembeni, lina namba yake. Andika namba kwenye ukingo wa gazeti kwa penseli, maana wino wa kalamu nyingi hutoroka ukikutana na unyevu.

Laza mmea ndani ya gazeti, nyosha majani, na geuza angalau jani moja tumbo juu, kwa kuwa vinyweleo na vipele vya upande wa chini mara nyingi ndivyo vinavyotenganisha spishi. Fungua ua moja au mawili. Ua nene au tunda likiinua gazeti, zungushia vipande vya gazeti lililokunjwa ili majani ya pembeni nayo yabanwe, la sivyo yatakauka yakiwa yamejikunja. Weka boksi kila baada ya gazeti moja au mawili, mifereji yote ikielekea upande mmoja ili hewa ya moto ipite. Kaza mikanda kwa nguvu. Baada ya saa chache kaza tena, mimea ikiwa imenywea.

Kukausha: joto la nyuzi 40 hadi 45 za Selsiasi, hewa ikipita kutoka chini kwenda juu, kwa siku moja hadi tatu. Sanduku la mbao lenye balbu mbili au tatu za zamani zinazotoa joto linatosha. Jiko la mkaa hufanya kazi, ila hakuna kukausha usiku bila mtu wa kulinda. Magazeti na majani makavu ni kiberiti. Bila moto wowote, badilisha magazeti kila siku kwa siku nne za kwanza, pwani hata mara mbili. Kujua kama imekauka, iguse kwa shavu: ikiwa ya baridi, bado ina maji. Ukiinua tawi likabaki bapa bila kuinama, limekauka.

Na mimea sumbufu?

Mishubiri na mimea mingine minene haifi ndani ya kibanio. Huendelea kuota gizani kwa wiki kadhaa na kuangusha viungo vyake kimoja kimoja. Uue kwanza: tumbukiza kwenye maji yanayochemka kwa dakika moja, ua ukiliacha nje, au ugandishe kwenye friza siku mbili. Jani nene lipasue kwa urefu na kukwangua nyama ya ndani.

Mnazi, mkoma na mvumo vinataka uvumilivu. Piga picha ya mti mzima, pima urefu wa jani na kikonyo, hesabu vijijani, kisha chukua kipande cha chini, cha kati na cha ncha. Kila kipande karatasi yake, zikiandikwa "1 kati ya 3" na kuendelea. Ua la mbuyu lipasue ubavuni kabla ya kulilaza.

Ukiwa safarini siku nyingi bila pa kukaushia, funga magazeti yenye mimea kwa kamba, yalowanishe kwa spiriti ya asilimia 60 hadi 70 na uyafunge ndani ya mifuko miwili ya plastiki isiyopitisha hewa. Yatasubiri wiki kadhaa. Gharama yake: rangi hupotea na DNA huharibika, kwa hiyo andika kwenye lebo kwamba spiriti ilitumika.

Lebo iandikwe nini?

Mali bila daftari huisha bila habari, na hakuna mahali msemo huu unapouma kama hapa. Mmea uliobandikwa vizuri bila lebo ni nyasi kavu. Lebo nzuri inaweza kuwa hivi:

> Familia: Fabaceae. *Afzelia quanzensis* Welw.
> Tanzania, T6, Wilaya ya Kisarawe, Msitu wa Hifadhi wa Pugu, kando ya njia ya kusini, mteremko wa mashariki.
> 6°53′ Kusini, 39°05′ Mashariki (WGS84), mita 200.
> Msitu mkavu wa pwani, udongo wa kichanga. Mti wa mita 15, gome la kijivu linalobanduka. Petali nyekundu, harufu nzuri. Si mingi.
> Jina: mkongo (Kiswahili). Mbao za milango.
> Jina la mkusanyaji, namba, 14 Nov 2023. Nakala: DSM, EA, K.

Welw. ni kifupisho cha jina la aliyeupa mmea jina hilo, na WGS84 ni mfumo wa ramani unaotumiwa na GPS. Sema kile ambacho kukausha kutakiua: rangi ya ua, harufu, rangi ya utomvu, urefu wa mti, umbo la gome. Umbo la jani usilihangaikie, litaonekana.

Kuhusu mahali, "Kilimanjaro" si mahali, ni mkoa mzima na mlima. Mfano wetu hapo juu nao una kasoro tumeiacha makusudi: digrii na dakika pekee hukuweka ndani ya kilomita 1.85. Ongeza sekunde uje kwenye mita 30, au tumia desimali nne uje kwenye mita 11. Tarehe nayo, andika mwezi kwa herufi au namba za Kirumi. 5/6/2023 ni Juni kwa Mwingereza na Mei kwa Mmarekani.

Mbona sampuli zangu zimekuwa nyeusi?

Zimekauka polepole mno, au zilikaa mfukoni juani kabla ya kubanwa. Baadhi ya mimea huwa myeusi hata ukifanya nini. Ukungu mweupe unamaanisha kibanio hakikupitisha hewa, kwa kawaida kwa sababu mtu aliweka maboksi machache mno ili kuokoa nafasi. Majani yakipukutika yote, yatie kwenye bahasha na uibandike karatasi hiyohiyo, usiyatupe. Zikivunjika kama papadi, joto lilipita kiasi.

Nibandike kwa gundi gani?

Gundi nyeupe ya maji isiyo na tindikali, pamoja na uzi wa pamba wa kushona vijiti vinene. Selotepu ni marufuku: baada ya miaka kumi inageuka njano, inaachia, na gamu yake inabaki imegandamana na majani. Karatasi nayo isiwe na tindikali. Acha kona ya chini kulia kwa ajili ya lebo, weka bahasha ya vipande vilivyodondoka, na usibandike kila ua. Mtaalamu atahitaji kuinua moja.

Wadudu nawazuiaje?

Adui wakubwa ni mbawakawa wadogo wa kahawia, *Lasioderma serricorne* na *Stegobium paniceum*, walewale wanaotoboa tumbaku na viungo vya jikoni. Viwavi wao hupenda maua na mbegu, yaani sehemu zile hasa unazozihitaji. Dalili ni unga mwembamba chini ya jalada na vitundu vya duara.

Dawa salama ni baridi. Funga sampuli ndani ya plastiki isiyopitisha hewa, weka kwenye friza ya nyuzi 20 chini ya sifuri kwa wiki mbili. Ukitoa, acha mfuko umefungwa kwa saa 24. Ukiufungua mara moja, umande utatua juu ya mmea na ukungu utafuata. Kila kinachoingia chumbani kipite friza kwanza, hata sampuli iliyoazimwa ikarudi. Friji ya kawaida haiui kitu. Naftalini hufukuza tu, haiui vizuri, na si nzuri kwa mapafu ya wanaoshinda humo.

Chumba kiwe na nyuzi 18 hadi 22 na unyevu wa hewa chini ya asilimia 55. Kwa mji wa pwani hilo ni gumu bila mashine ya kupunguza unyevu, na umeme ukikatika wiki nzima, kagua makabati ya ukuta wa nje kwanza. Na chakula hakiingii. Hata karanga.

Ni kweli sampuli za zamani zina sumu?

Nyingi, ndiyo. Kwa muda mrefu zilipakwa kloridi ya zebaki kuzuia wadudu, katika baadhi ya taasisi hadi miaka ya 1980, na nyingine zilitiwa aseniki. Madoa ya kijivu cheusi kwenye karatasi ni dalili, ila kukosekana kwake si uthibitisho wa usalama. Vaa glavu, fungua madirisha, usile wala kujishika usoni, nawa mikono.

Naweza kuchukua DNA kwenye sampuli ya zamani?

Inawezekana, DNA imekatikakatika, lakini mashine za sasa husoma vipande vifupi bila shida. Omba ruhusa ya maandishi. Kipande cha sentimita moja ya mraba kwa kawaida kinatosha, na kitoke kwanza ndani ya bahasha ya vipande. Acha alama kwenye karatasi: nani, lini, kwa kazi gani. Kwa mmea mbichi, fanya kazi rahisi zaidi: weka jani kwenye mfuko wa silika jeli (chembe zinazonyonya unyevu), gramu kumi za silika kwa gramu moja ya jani, likauke ndani ya siku moja.

Je, mbegu za hebaria huota?

Kwa nadra. Mwaka 1940 bomu lilipiga jengo la makumbusho London, maji ya zimamoto yakalowesha sampuli, na mbegu za *Albizia julibrissin* zilizochumwa China mwaka 1793 zikachipua. Usitegemee, hebaria si benki ya mbegu.

Nahitaji kibali?

Ndiyo, na mapema. Tanzania, kibali cha utafiti hutolewa na COSTECH (tume ya sayansi na teknolojia), na msitu wa hifadhi una mamlaka yake ya kuombwa pia; Kenya ni NACOSTI, tume ya namna hiyohiyo. Kusafirisha nje kunahitaji cheti cha afya ya mimea na makubaliano ya kuhamisha sampuli. Okidi zote, mishubiri yote isipokuwa *Aloe vera*, na mpingo vimo kwenye orodha ya CITES (mkataba wa kimataifa unaodhibiti biashara ya spishi zilizo hatarini), hata vikiwa vikavu. Hebaria zilizosajiliwa zina utaratibu mwepesi wa kubadilishana, kwa hiyo pitia kwao.

Karatasi za usafirishaji si mchezo. Mwaka 2017 sampuli 105 zilizotumwa na makumbusho ya Paris kwenda Brisbane, zikiwemo za karne ya 19, zilichomwa na karantini ya Australia kwa sababu ya kasoro za nyaraka na barua pepe zilizokwenda anwani isiyo sahihi. Andika nje ya boksi, kwa herufi kubwa, kwamba ni sampuli za kisayansi, kavu, zisizoweza kupatikana tena, na uhakikishe mpokeaji anajua siku ya kufika.

Naweza kuziona bila kusafiri?

Picha na taarifa za mamilioni ya sampuli ziko bure kwenye GBIF (hifadhidata ya kimataifa ya viumbe kwenye mtandao), zikiwemo za Kew, Paris na Meise. Tafuta kwa jina la kisayansi, kisha chuja kwa nchi. Lakini usiamini kila jina. Sampuli za *Aframomum*, jenasi ya Afrika ya jamii ya tangawizi, zilipochunguzwa kwa utafiti wa mwaka 2015, asilimia 58 zilikuwa na jina lisilo sahihi, lililopitwa na wakati, au lisilofika kwenye spishi kabla ya mtaalamu kuzipitia. Angalia picha, soma lebo, ndipo utumie nukta kwenye ramani. Nukta inayoangukia katikati ya Ziwa Victoria kwa kawaida ni kosa la mchapaji.

Nina mkusanyo wa mzee aliyefariki. Nautupa?

Usitupe, na usianze kusafisha. Hata vyuo vikubwa hufunga hebaria zao: Chuo Kikuu cha Duke, Marekani, kilitangaza mwaka 2024 kuachana na yake yenye sampuli 825,000. Kwa hiyo mikusanyo midogo ya majumbani haina mwenyewe ila wewe. Ifunge kwenye plastiki, iandikie barua hebaria iliyo karibu ukitaja idadi, eneo na miaka, na tafuta madaftari ya shambani, maana namba bila daftari husema machache. Magazeti yenye mimea usiyabadilishe kabla ya mtaalamu kufika: namba mara nyingi imeandikwa ukingoni kwa penseli, na tarehe ya gazeti huonyesha kwamba mmea haukuwekwa humo kabla ya siku hiyo.